Mkojo wa rangi ya chai baada ya influenza: kisa cha mtoto wa miaka 7 ambaye figo zake ziliumia kupitia misuli

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 7 aliyepata maambukizi ya virusi vya influenza A, akaanza kupata nafuu ya homa, kisha akaacha kutembea, na hatimaye akafikishwa hospitali akitoa mkojo kidogo wenye rangi ya chai iliyokolea. Kisa kimetungwa kwa ajili ya mafunzo kwa kuunganisha mambo yanayojulikana vyema kuhusu tatizo hili, na hakimwelezi mtoto yeyote anayeweza kutambulika. Msisitizo wangu uko mahali pamoja: vipimo viwili vilivyofanywa siku 2 kabla ya mtoto kulazwa vilikuwa sahihi, na tayari vilionyesha kwamba figo zimeumia, lakini vilisomwa kwa namna iliyoificha habari hiyo.

Historia ya ugonjwa

Ugonjwa ulianza ghafla kwa homa iliyofika nyuzi 39.6, kikohozi kikavu, maumivu ya kichwa na uchovu mkubwa. Katika siku 4 za mwanzo mtoto alitapika mara kadhaa, alikula kwa shida na alikunywa maji kidogo sana. Wazazi walimpa parasetamoli, na homa ilipokuwa haishuki wakaongeza ibuprofeni miligramu 200 mara 3 kwa siku, kiasi ambacho kwa mtoto wa kilo 22 kimo ndani ya dozi inayokubalika. Jambo hili lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu ni rahisi kuwalaumu wazazi pasipo haki. Dozi haikuzidi, uliobadilika ni mwili ulioipokea, kama itakavyoelezwa mbele.

Asubuhi ya siku ya 5 homa ilikuwa imekwisha, na familia iliamini kwamba mtoto amepona. Alipoamka alilalamika kwamba mashavu ya miguu yote miwili yanamuuma, akawa anatembea kwa ncha za vidole bila kukanyaga visigino, na kufikia jioni akakataa kabisa kusimama. Alipelekwa kwenye kituo cha afya. Huko mkojo ulipimwa kwa kijiti, ukaonyesha damu kwa alama 3 na protini kwa alama 1, bila naitraiti (dalili ya bakteria kwenye mkojo) na bila dalili ya chembe nyeupe. Damu nayo ilipimwa, na kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, ikawa maikromoli 79 kwa lita, thamani ambayo karatasi ya maabara iliiweka katika kundi la majibu ya kawaida. Tabibu alihitimisha kwamba mtoto ana maambukizi ya njia ya mkojo pamoja na maumivu ya misuli yanayofuata homa. Aliandikiwa antibiotiki, na wazazi wakashauriwa waendelee kumpa ibuprofeni kwa ajili ya miguu.

Katika siku 2 zilizofuata maumivu yalipanda hadi mapajani, na mtoto akawa anakojoa mara moja tu kwa siku. Mama hakuitaja rangi ya mkojo mpaka muuguzi wa idara ya dharura alipomuuliza waziwazi: «Mama, mkojo wake una rangi gani?» Sababu ya kunyamaza kwake inafaa kuzingatiwa na kila anayechukua historia ya mgonjwa. Alikuwa ameshaambiwa kwamba kuna damu kwenye mkojo, kwa hiyo rangi ile haikumshtua tena. Maelezo yasiyo sahihi yaliyotolewa mwanzo yalimwondolea hofu ambayo ingemrudisha hospitali mapema.

Hali aliyokuwa nayo alipolazwa

Mtoto alikuwa na fahamu kamili lakini mchovu, mwenye midomo mikavu. Mapigo ya moyo yalikuwa 138 kwa dakika, shinikizo la damu 104 kwa 66, na ukucha ulipobonyezwa ulichukua sekunde 4 kurudisha wekundu wake. Uzito ulikuwa kilo 21.0, ilhali kadi yake ya kliniki ilionyesha kilo 22.4 wiki chache kabla, yaani alikuwa amepoteza takribani asilimia 6 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa maji. Uso na miguu havikuwa vimejaa maji. Hapakuwa na vipele, na viungo havikuwa vimevimba.

Mashavu ya miguu yalikuwa yamevimba kiasi na yalimuuma sana yalipoguswa, ingawa bado yalibonyea, na mapigo ya damu kwenye nyayo yalisikika vizuri. Nguvu za miguu zilikuwa vigumu kupimwa kwa sababu ya maumivu, lakini mjibizo wa goti na wa kifundo vilipogongwa ulikuwepo pande zote mbili, na hisia za ngozi hazikuwa na kasoro. Uchunguzi huu wa dakika chache una uzito mkubwa. Mtoto wa umri wa chini ya miaka 15 anayeacha kutembea ghafla lazima afikiriwe kuwa huenda ana ulegevu wa ghafla wa viungo, ambao huripotiwa na kufuatiliwa kwa sampuli za kinyesi kwa ajili ya kuchunguza polio, na huenda pia ana ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré, ambao hupandia kutoka miguuni na kuondoa mijibizo. Maumivu makali yaliyojikita kwenye mashavu ya miguu, huku mijibizo ikiwa hai na misuli isiwe milegevu, yalielekeza kwenye misuli yenyewe, si kwenye neva.

Maabara ilitoa picha ifuatayo. Kijiti cha mkojo kilionyesha tena damu kwa alama 3, na sasa protini kwa alama 2. Mkojo huohuo ulipotazamwa kwa hadubini haukuwa na zaidi ya chembe nyekundu 2 katika eneo moja la kutazama, ila ulikuwa na vipande vingi vya kahawia vyenye chengachenga, vilivyochukua umbo la mirija ya figo. Kimeng'enya cha misuli, kreatini kinasi, kilikuwa yuniti 68,400 kwa lita, wakati kwa mtoto mwenye afya huwa chini ya mia chache. Kreatinini ilikuwa imepanda hadi maikromoli 142, urea milimoli 17.5, potasiamu milimoli 6.1, fosfati 2.3, kalsiamu 1.88 na baikaboneti 15. Wingi wa damu na chembe sahani ulikuwa wa kawaida, na kwenye kioo hapakuonekana chembe nyekundu zilizokatikakatika. Kati ya vimeng'enya ambavyo kwa mazoea huitwa vya ini, AST ilikuwa 1,420 na ALT 310. Kipimo cha vinasaba vya virusi kutoka puani kilithibitisha influenza A.

Utambuzi uliofikiwa ulikuwa rabdomiolisisi, yaani kuvunjika kwa seli za misuli na kumwagika kwa yaliyomo ndani yake kwenye damu, iliyosababishwa na influenza A na kuleta jeraha la ghafla la figo la daraja la 3, lililo kali zaidi.

Kile ambacho kijiti kilikuwa kinasema

Kijiti cha mkojo hakihesabu chembe za damu. Sehemu yake inayoandikwa «damu» hubadilika rangi kwa sababu heme, ile molekuli yenye chuma, huchochea mmenyuko wa peroksidi uliowekwa kwenye karatasi. Heme imo katika hemoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu, imo katika hemoglobini iliyotoka kwenye chembe zilizopasuka, na imo pia katika mioglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli. Kijiti hakina njia yoyote ya kuzitenganisha hali hizi tatu. Kwa hiyo kijiti kinapoonyesha damu nyingi, jibu halijakamilika mpaka mkojo huohuo utazamwe kwa hadubini. Zikionekana chembe nyekundu nyingi, tatizo liko kwenye figo au njia ya mkojo. Zisipoonekana, ama chembe zinapasuka ndani ya mishipa ya damu, ama misuli inavunjika. Kati ya hayo mawili, mara nyingi hata sampuli ya damu iliyotenganishwa hutoa dokezo: hemoglobini huupa utegili wa damu, yaani sehemu yake ya majimaji, rangi ya waridi, wakati mioglobini huondolewa haraka kwenye damu kiasi kwamba utegili hubaki na rangi yake ya kawaida.

Katika kituo cha kwanza hadubini haikutumika. Hata bila hadubini, utambuzi wa maambukizi ya njia ya mkojo ulikuwa na msingi dhaifu, kwa kuwa naitraiti haikuwepo, chembe nyeupe hazikuwepo, na mtoto hakulalamikia maumivu wakati wa kukojoa wala haja ya mara kwa mara. Alichokuwa nacho ni miguu iliyogoma kubeba mwili, siku chache baada ya homa ya virusi. Ukiweka dalili hiyo kando ya kijiti chenye alama 3 za damu, swali la kwanza linapaswa kuwa kuhusu misuli.

Kijiti kisichoonyesha kitu nacho hakitoshi kuondoa shaka. Mioglobini hupungua kwa nusu katika damu ndani ya saa 2 hadi 3, kwa hiyo mkojo unaweza kuwa umeshasafika wakati mtoto anafika. Kreatini kinasi huchelewa zaidi: huanza kupanda saa chache baada ya misuli kuumia, hufika kilele kati ya siku ya 1 na ya 3, kisha hupungua kwa nusu katika takribani saa 36. Ndiyo maana katika hali ya mashaka kipimo cha kutegemea ni hicho, na kirudiwe ikiwa cha kwanza kilichukuliwa mapema.

Kreatinini «ya kawaida» ya 79

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, palipotea fursa kubwa zaidi. Kreatinini hutokana na misuli, na mtoto wa miaka 7 ana misuli michache mno ikilinganishwa na mtu mzima, hivyo kiwango chake cha kawaida kiko chini sana. Karatasi nyingi za maabara huchapa mipaka ya watu wazima kwa wagonjwa wote, na mtoto aliyepoteza nusu ya uwezo wa figo zake anaweza kukaa ndani ya mipaka hiyo bila alama yoyote ya tahadhari.

Njia ya kuepuka mtego huu ni rahisi, nayo inahitaji urefu wa mtoto tu. Kanuni ya Schwartz iliyorekebishwa mwaka 2009 hukadiria kasi ya figo kuchuja damu kwa kuzidisha urefu wa sentimita kwa 36.5 na kugawanya kwa kreatinini ya maikromoli. Tukiigeuza, na kuchukulia kwamba mtoto huyu kabla ya kuugua alikuwa na uchujaji wa kawaida wa mililita 120 kwa dakika, urefu wake wa sentimita 122 unatupa kreatinini ya msingi ya takribani maikromoli 37. Kwa hiyo ile 79 iliyoitwa ya kawaida ilikuwa imezidi mara mbili ya msingi wake. Kwa vigezo vya mwaka 2012 vya KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, ongezeko la mara 1.5 linatosha kuliita jeraha la ghafla la figo, na ongezeko la kati ya mara 2.0 na 2.9 ni daraja la 2. Alipolazwa akiwa na 142 alikuwa amefika mara 3.8, yaani daraja la 3.

Kanuni hiyo itumike kwa uangalifu. Inafaa kukadiria msingi, au kupima figo ambazo hali yake imetulia. Haifai kutoa namba ya uchujaji wakati kreatinini inapanda kila siku, kwa sababu damu huwa bado haijafikia kiwango kinacholingana na uharibifu uliopo, na namba itakayopatikana itakuwa ya kuliwaza kuliko ukweli ulivyo.

Nipenyeze hapa neno moja kuhusu vimeng'enya vya AST na ALT, kwa kuwa vimewapoteza wengi. Vyote viwili vimo pia kwenye misuli. AST inapopanda kuliko ALT kwa mtoto mwenye maumivu ya misuli na asiye na manjano, kupima kreatini kinasi kutangulie utafutaji wa homa ya ini.

Jinsi virusi vya mafua vinavyofika kwenye figo

Mara nyingi sana maumivu ya miguu baada ya influenza si jambo la kutisha. Mwaka 1957 daktari wa Sweden, Åke Lundberg, alieleza kundi la watoto waliopata maumivu makali ya mashavu ya miguu mara baada ya ugonjwa wa homa, wakashindwa kutembea, kisha wakapona kabisa. Hali hiyo huwapata zaidi watoto wa umri wa kwenda shule, wavulana kuliko wasichana, na virusi vya influenza B ndivyo vinavyohusishwa nayo mara nyingi zaidi. Huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja. Katika mapitio ya visa vilivyochapishwa, ni takribani watoto 3 kati ya kila 100 wa aina hii waliofikia rabdomiolisisi, na kati yao influenza A ilionekana zaidi. Mtoto wetu basi alikuwa katika kundi dogo, lakini ni kundi ambalo wengi wao figo ziliathirika.

Uhusiano kati ya misuli iliyopondeka na figo ulielezwa kwa kina mwaka 1941, Eric Bywaters na Desmond Beall walipowafuatilia watu walionaswa chini ya vifusi vya majengo yaliyolipuliwa kwa mabomu jijini London. Waliokolewa wakiwa hai, wakaonekana kuendelea vizuri, kisha figo zao zikasimama. Chanzo ni tofauti, njia ni ileile. Mioglobini ni protini ndogo inayopita kwa urahisi kwenye vichujio vya figo. Ikifika kwenye mirija ikiwa nyingi hudhuru kwa njia tatu zinazosaidiana. Hunasa naitriki oksaidi, ile inayoiacha mishipa midogo wazi, hivyo mishipa hubana na damu hupungua ndani ya figo. Chuma kilicho ndani ya heme huzalisha kemikali kali zinazochoma utando wa seli za mirija. Na katika mkojo wenye asidi mioglobini hushikamana na uromodulini, protini inayotengenezwa na mirija yenyewe, ikafanya vizibo. Hivyo ndivyo vipande vya kahawia vilivyoonekana kwa hadubini.

Madhara yote matatu huongezeka maji yanapopungua mwilini, kwa sababu mkojo huwa mzito, wenye asidi zaidi, na hutembea polepole. Mtoto huyu alikuwa na upungufu wa aina mbili kwa wakati mmoja: ule wa homa, kutapika na kutokunywa, na ule wa maji yanayoingia kwenye misuli iliyovimba.

Ibuprofeni inaingia hapo. Mtu mwenye maji ya kutosha mwilini hahitaji sana prostaglandini ili figo zake zipate damu. Maji yakipungua, mwili hubana mishipa ili kulinda shinikizo, na figo hujitetea kwa kutengeneza prostaglandini zinazopanua mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio. Ibuprofeni na dawa za jamii yake huzuia utengenezaji huo. Dozi ambayo siku ya kwanza ilishusha homa bila madhara, siku ya 5 iliondoa kinga ya mwisho ya figo zilizokuwa zimekaukiwa na zinapokea mioglobini. Kwa msimamo wangu, mtoto mwenye homa ya virusi anayetapika au asiyekunywa apewe parasetamoli peke yake, na ibuprofeni isubiri mpaka anywe na kukojoa vizuri. Aspirini isitumike kabisa kwa mtoto mwenye influenza, kwa sababu nyingine inayojulikana: hatari ya ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ubongo na ini.

Magonjwa mengine yaliyofikiriwa

Mkojo mweusi kwa mtoto aliyetoka kuugua koo au kifua huleta haraka fikra ya uvimbe wa vichujio vya figo unaofuata maambukizi ya streptokoka. Ugonjwa huo kwa kawaida hujitokeza wiki 1 hadi 3 baada ya koo kuuma, mtoto hujaa maji usoni, shinikizo la damu hupanda, na hadubini huonyesha chembe nyekundu tele. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokuwa nacho. Ugonjwa wa figo wa IgA unaweza kutoa mkojo wa damu ndani ya siku moja au mbili za mafua, lakini nao huleta chembe nyekundu, na hauumizi misuli. Ugonjwa wa kupasuka kwa chembe nyekundu unaoambatana na figo kushindwa, ambao mara chache hufuata influenza, uliondolewa na wingi wa kawaida wa damu na chembe sahani. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD na malaria kali, palipo na malaria, huweza kutoa mkojo mweusi bila chembe nyekundu, lakini hapo damu hushuka na kreatini kinasi haipandi kiasi hiki.

Swali ambalo halipaswi kusahaulika ni iwapo misuli ya mtoto ilikuwa na udhaifu wa kuzaliwa nao ambao virusi viliufichua. Matatizo ya kuchoma mafuta mwilini, kama upungufu wa kimeng'enya cha CPT II, na kasoro za jini la LPIN1 hujitokeza kwa namna hii hasa, homa au kufunga kula kukiwa kichocheo. Wazazi waliulizwa kuhusu matukio kama hayo ya nyuma, kuhusu ndugu waliofariki ghafla wakiwa wadogo, na kuhusu maumivu ya misuli baada ya michezo. Majibu yote yalikuwa hapana. Hata hivyo sampuli ya damu ya kupima asilikanitini, kemikali zinazoonyesha jinsi mwili unavyochoma mafuta, ilichukuliwa wakati ugonjwa umepamba moto, kwa sababu kasoro nyingine za aina hii huonekana vizuri wakati huo na kujificha baadaye, na ilirudi bila kasoro.

Matibabu na mwenendo

Potasiamu ya 6.1 ndiyo iliyoamua mpangilio wa kazi. Misuli inayovunjika huendelea kumwaga potasiamu kila saa, na figo zisizokojoa haziwezi kuitoa, kwa hiyo thamani hiyo ilitarajiwa kupanda. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mawimbi ya T yaliyochongoka, dalili kwamba potasiamu imeanza kuathiri moyo. Alipewa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 11, polepole kwenye mshipa huku moyo ukifuatiliwa, ili kuukinga moyo, na salbutamoli ya kuvuta ili kurudisha potasiamu ndani ya seli. Vyakula na dripu zenye potasiamu vilizuiwa. Timu ya usafishaji damu ilijulishwa saa hiyohiyo, kabla haijahitajika, ili mtoto asije akasubiri endapo potasiamu ingekataa kushuka.

Maji yalitolewa kwa hatua. Alipokea chumvichumvi ya asilimia 0.9, mililita 220, akapimwa upya, kisha mililita 220 nyingine. Kila mara ini na sauti ya mapafu vilikaguliwa, kwa sababu mtoto mwenye figo zilizofunga anaweza kuzamishwa na maji yaleyale yanayokusudiwa kumwokoa. Kama asingekojoa baada ya ujazo wa damu kurejea, mpango ulikuwa kupunguza maji hadi kiasi cha yale yanayopotea kwa ngozi na pumzi, takribani mililita 350 kwa siku kwa ukubwa wake, pamoja na kiasi anachokojoa, na kujiandaa kwa usafishaji. Haikufikia huko. Saa 3 baada ya dripu ya kwanza alitoa mililita 60 za mkojo wa kahawia. Dripu ikaendelea kwa mililita 130 kwa saa, karibu mara mbili ya mahitaji yake ya kawaida, na kufikia saa ya 12 alikuwa akitoa mililita 2 kwa kila kilo kwa saa. Potasiamu baada ya saa 6 ilikuwa 5.3.

Mambo mawili hayakufanywa kwa makusudi. Baikaboneti haikuongezwa kwenye dripu, kwa sababu faida yake juu ya maji ya chumvi haijathibitishwa, na inaweza kushusha zaidi kalsiamu ambayo tayari ilikuwa chini. Kalsiamu yenyewe haikurekebishwa baada ya ile dozi ya kukinga moyo, kwa kuwa hapakuwa na mikakamao wala dalili nyingine. Katika rabdomiolisisi kalsiamu hujificha kwenye misuli iliyoumia na hurudi kwenye damu wakati wa kupona, na anayeijaza mapema huweza kumpelekea mtoto kalsiamu iliyozidi siku chache baadaye. Ya mtoto huyu ilipanda yenyewe hadi 2.5 siku ya 8 tangu alazwe.

Ibuprofeni ilisitishwa, na antibiotiki vilevile baada ya mkojo kuoteshwa bila kumea kitu. Oseltamiviri, dawa ya kupambana na virusi vya influenza, ilianzishwa ingawa saa 48 za mwanzo zilikuwa zimepita, kwa sababu mtoto aliyelazwa kwa matatizo ya influenza bado anaweza kufaidika nayo. Dozi ya kawaida kwa uzito wake ni miligramu 45 mara 2 kwa siku, lakini dawa hiyo hutolewa na figo, hivyo ilipunguzwa mpaka kreatinini iliposhuka. Mashavu ya miguu yalipimwa kwa mkono kila baada ya saa 4 kutafuta ugumu na maumivu ya kunyoosha vidole, dalili za shinikizo kupanda ndani ya misuli hadi kuziba damu, hali inayohitaji upasuaji wa haraka.

Kreatini kinasi ilifika 81,000 siku ya 2 ya kulazwa kabla ya kuanza kushuka, na kreatinini ilifika kilele cha 156 siku hiyohiyo. Familia iliandaliwa mapema kwa habari hiyo, kwamba namba zitapanda kwanza hata matibabu yakiwa yanafanya kazi, na kwamba kinachotazamwa zaidi ni mkojo na potasiamu. Siku ya 4 mtoto alisimama, siku ya 6 alitembea ukumbini, na dripu iliondolewa siku ya 8 kreatini kinasi iliposhuka chini ya 5,000. Aliruhusiwa siku ya 9 akiwa na kreatinini ya 41. Usafishaji damu haukuhitajika.

Ufuatiliaji

Baada ya wiki 6 kreatini kinasi ilikuwa 118. Kipimo hiki hakiachwi, hata mtoto akiwa anakimbia, kwa kuwa kreatini kinasi inayobaki juu baada ya kupona ndiyo mara nyingi huwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wa misuli wa kurithi. Baada ya miezi 3 kreatinini ilikuwa 36, karibu sawa na msingi uliokadiriwa kutokana na urefu wake, shinikizo la damu lilikuwa la kawaida na mkojo haukuwa na protini. Atapimwa shinikizo na protini ya mkojo mara moja kwa mwaka, kwa sababu figo zilizowahi kuumia kiasi hiki huweza kuonyesha kovu miaka mingi baadaye.

Wazazi walipewa maelekezo ya maandishi: chanjo ya influenza kila mwaka, parasetamoli peke yake katika homa yoyote inayoambatana na kutapika, na kurudi hospitali siku hiyohiyo iwapo mtoto atakataa kutembea, atakojoa mkojo wa kahawia, au atapitisha saa 12 bila kukojoa. Tukio la pili la aina hii, hata dogo, litampeleka moja kwa moja kwenye uchunguzi wa jeni. Barua ya kumruhusu ilitumwa pia kwenye kituo cha kwanza, ikiwa na majibu yote na ombi moja mahususi kwa maabara yao: kreatinini ya mtoto ichapwe pamoja na mipaka ya umri wake, na kijiti chochote chenye alama 2 au zaidi za damu kifuatwe na hadubini kabla ya jibu kutolewa.